Panga fupi la springi, na mengine yaliyolitangulia chini ya kitanda

Nianze na vipimo, maana mimi ni fundi cherehani na kitu nisichokipima sikiamini. Korido ya nyumba yangu hapa Chamazi ina upana wa sentimita 92. Kutoka mlango wa chumba changu hadi mlango wa mbele ni hatua saba, zangu mimi, si za mwanamume. Mkono wangu kutoka begani hadi ncha ya kidole cha kati ni sentimita 66, na bega lenyewe la kulia halipandi vizuri kwa sababu ya miaka kumi na sita ya kusukuma nguo chini ya sindano. Watu wanaotoa ushauri kuhusu panga la kuweka ndani kwa ajili ya wezi hawaulizi hata kimoja kati ya hivyo. Wanasema tu, "Tafuta panga kali, weka chini ya kitanda." Nimehangaika na zana tano. Ya tano ndiyo iliyonifanya nikae niandike.

Baba watoto anaendesha lori, Dar hadi Lubumbashi, anapita Tunduma na Kasumbalesa. Akiondoka ni wiki tatu, foleni za mpakani zikikaza ni tano. Ndani tunabaki mimi, mama mkwe na watoto wawili, wa miaka tisa na wa miaka minne. Kipindi kile cha Panya Road, mwaka 2022, vijana walipokuwa wanavamia majumbani na mapanga hapa Dar, mtaani kwetu karibu kila nyumba ilinunua kitu. Mimi sikununua. Nilisema nina nondo madirishani na mlango wa chuma, yatosha.

Ilitosha hadi usiku mmoja wa masika mwaka jana. Mvua ikipiga bati husikii hata mtoto akilia chumba cha pili, na wezi wanalijua hilo. Hawakuvunja kitu. Walichana wavu wa dirisha la sebuleni, wakapitisha fimbo yenye waya uliopindwa katikati ya nondo, wakavua. Ndivyo tunavyoita huku, kuvua, kama samaki. Waliondoka na simu yangu na doti tatu za kitenge za mteja aliyekuwa anasubiri sare ya harusi ya mdogo wake. Simu niliisamehe. Vitenge nilivilipa vyote, na sare nikazishona bure.

Kilichoniamsha ni kiti kuanguka. Nilikimbilia jikoni nikachukua kisu cha samaki, na hicho ndicho cha kwanza katika hesabu yangu. Hukumu yake ni fupi: usikichukue. Mpini wa plastiki, mwembamba, hauna chochote kinachotenganisha vidole na makali. Nilikibana kama mtu anayening'inia kwenye daladala, jasho likafanya kazi yake, mkono ukateleza mbele. Asubuhi nikakuta kidole cha shahada kimechanika hadi kwenye kiungo. Damu pekee iliyotoka usiku ule ilikuwa yangu, na siku kumi na moja sikushika mkasi. Halafu kisu kifupi namna ile kinakulazimisha umsogelee mtu mpaka usikie pumzi yake. Mimi pumzi ya mwizi sina shida nayo, abaki nayo hukohuko.

Kesho yake nikanunua panga, duka la karibu tu, elfu nane. Duka silitaji, tunaazimana sukari. Lilikuwa limepakwa vanishi ya kung'aa, mpini wa mbao nyekundu, na kwenye bapa limebandikwa picha ya mnyama ambaye mpaka leo hatujaafikiana humu ndani ni nani. Mimi nasema simba, binti yangu anasema mbwa. Mama mkwe alilipokea, akaligonga kwa ukucha, akasikiliza. Panga zuri ukiligonga linalia, sauti nyembamba inayokaa sikioni kidogo. Hili lilisema "po", kama kopo la maziwa. Akanirudishia bila neno, na mama mkwe akikurudishia kitu bila neno ujue ameshamaliza kusema.

Nikalifanyia kazi ya kawaida ili nilizoee. Nazi ya kwanza ilipasuka. Nazi ya pili, mpini ndio uliopasuka, kuanzia kwenye ribiti hadi nyuma, na bapa likageuka mkononi likatazama pembeni kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake. Ribiti zilikuwa mbili tu, laini, ungeweza kuzikwaruza kwa sindano ya kushonea magunia. Ndipo mama mkwe akakaa chini kunifundisha. Yeye ni wa Kisarawe, marehemu mumewe alikuwa mgema, nyumba yao haikukosa kotama, shoka wala panga. Akanionyesha: ligeuze panga ulitazame kwa nyuma, mgongoni mwa mpini. Unatakiwa uone chuma kimepita katikati ya mbao mbili, kimefika hadi mwisho, kama nyama ndani ya mkate. Usipokiona, ujue chuma kimeishia njiani, na siku ya kazi kitakuaga. Ribiti ziwe tatu. Mbao isipakwe vanishi nene, kwa sababu vanishi inaficha ufa na inateleza.

Panga lake mwenyewe analo, la mamba, inchi kumi na nane, limekuwa naye miaka mingi kuliko mimi nilivyokuwa na mwanawe. Mamba wake amegongwa kwenye chuma chenyewe, ukipapasa kwa kidole unamhisi mkia. Chapa hiyo ya mamba asili yake ni Uingereza, kwa Ralph Martindale wa Birmingham, kampuni iliyoanza mwaka 1873, na huku kwetu jina limeshageuka kuwa sifa. Mtu akisema "hili la mamba" anamaanisha la kweli, hata kama siku hizi mamba wengine wamezaliwa kwenye vibanda visivyojulikana. Hili la mama mkwe halina ubishi. Ukiligonga linalia. Tupa ikipita kwenye makali inaguna kidogo tu, ishara kwamba chuma ni kigumu lakini bado kinanoleka. Mgomba uliokomaa lilikata kwa pigo moja, wa pili ukaanguka juu ya wa kwanza, na mama mkwe akaniambia nimeshamaliza ndizi zake za mwezi ujao.

Basi tukalifanya hilo ndilo la nyumba, na hapo ndipo nilipogundua kosa ambalo sijasikia mtu akilisema. Panga la shamba limetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyesimama mahali pasipo na ukuta. Bapa la sentimita 46, jumlisha mkono wangu wa sentimita 66, unapata 112. Korido ni 92. Nikalivika boksi la viatu lililofungwa kwa utepe, nikawafungia watoto chumbani, nikajaribu. Kushoto likakwaruza ukuta, alama ipo mpaka leo, wageni wanadhani ni kitanda kilipita. Kulia likagonga fremu ya mlango. Kutoka juu lingechukua taa. Kilichobaki ni kuchoma mbele kama mkuki, na panga lile halikuumbwa na ncha ya kuchomea, wala mimi sikuumbwa na moyo wa kuchoma.

Nikaona niwe na jaribio la kweli, si la kukata. Kukata kila panga linakata, hata lile la simba-mbwa lilikata nazi moja. Nilichotaka kujua ni kama naweza kulisimamisha. Fundi mwenzangu wa nguo ataelewa: mkasi mzuri si ule unaokata haraka, ni ule unaosimama kwenye chaki. Nikafunga uzi wa pamba namba 40 kutoka fremu hadi fremu, usawa wa kifua, nikasimama nyuma yake, nikainua na kushusha kwa kasi ya mtu mwenye hofu, huku nia ikiwa ni kusimama kabla ya uzi. Mara kumi. La mamba liliukata uzi mara saba. Nililipeleka kwenye mizani ya duka la nafaka: gramu 560, na sehemu kubwa ya uzito huo iko mbele, karibu na ncha, kama inavyotakiwa kwa kufyeka. Likishaanza safari halirudi nyumbani. Kwa bega langu, nikilinyanyua usiku nikiwa nusu usingizini, panga ndilo litakaloamua linaishia wapi.

Baba watoto aliporudi nikamweleza, akacheka, akanipeleka yadi wanakoegesha malori. Pale kuna mlinzi wa Kimasai, mtu mpole, anauza sime pembeni ya kazi yake. Elfu ishirini na ala yake nyekundu ya ngozi. Ni kitu kizuri sana, nakiri. Bapa linaanza jembamba kwenye mpini, linapanuka kuelekea mbele kama jani, halafu linachongoka. Mpini umezungushiwa ngozi iliyobana, unashikika hata mkono ukiwa na maji. Akaniambia, "Mama, hii ni ya kutembea nayo, si ya kulala nayo." Nikadhani ananitania.

Hakuwa ananitania. Sime ina makali pande zote mbili. Mmasai anaivaa kiunoni tangu ujana na mkono wake unajua upande wa pili uko wapi. Mimi nikiinyanyua kwenye korido, ukingo wa nyuma unapita jirani na sikio langu mwenyewe. Na hakuna kizuizi cha vidole, kama kile kisu cha samaki, shida ileile imevaa nguo nzuri. Kwenye jaribio la uzi niliukata mara sita. Shemeji yangu akashauri niitundike ukutani sebuleni, itapendeza. Kitu cha kutundika sebuleni ni zawadi kwa mtu wa fimbo, atakivua kabla hujaamka, halafu yeye ndiye atakuwa na sime. Nikairudisha, yule mlinzi akanipa elfu kumi na tano, na hiyo tano iliyobaki nahesabu ni ada ya somo.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Lori la baba watoto lilivunja springi njiani, akarudi na kipande cha urefu wa mkono chini ya kiti. Springi za lori ni chuma kilichozoea kupinda na kurudi, ndiyo maana wahunzi wanakipenda. Kule Kilimanjaro, mahali paitwapo Mamba jirani na Marangu, Wachaga wamekuwa wakifua mikuki na visu vya kuwauzia Wamasai kwa vizazi, na fundi niliyeelekezwa hapa Mbagala alijifunza kwa mjomba wake hukohuko. Kwa hiyo nilipomwambia nimetoka kwenye panga la mamba akanijibu, "Basi mama, hujatoka mbali."

Yuko nyuma ya stendi ya Rangi Tatu, unapita wauza mitumba, unafuata sauti. Hana bango. Fuawe yake ni kipande cha reli, mivukuto yake ni feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli, na kijana wa kuzungusha. Nilimpelekea patani. Nimesema kweli, patani, karatasi ya kaki niliyoikata kama ninavyokata ya gauni: bapa sentimita 30, upana sentimita tano mbele na nne karibu na mpini, mpini sentimita 13 kwa sababu kiganja changu ni sentimita nane na nilitaka nafasi ya mkono wa pili kusaidia. Nyuma ya mpini mbao ipinde chini kama mdomo wa ndege ili mkono usichomoke. Mbele kuwe na kibao kidogo cha chuma cha kuzuia vidole. Makali upande mmoja tu. Ncha iwe ya mviringo, isiwe ya kuchoma. Alicheka kwanza. Halafu akaiweka karatasi juu ya chuma, akachora kwa chaki, na alipomaliza akaitundika ukutani kwake. Ipo mpaka leo, imejaa moshi.

Siku ya kufua nilikwenda kukaa naye, kwa sababu mimi nikiletewa kitambaa mteja akikaa kuangalia nashona vizuri zaidi. Nikawa namwuliza, naye ni mtu wa kueleza. Chuma kikishapata umbo anakipasha mpaka rangi ya embe bivu, anakizamisha kwenye oili chafu ya injini, si kwenye maji. Maji yanakipoza kwa mshtuko na chuma cha springi kinaweza kupasuka, ufa mwembamba ambao hutauona mpaka siku kinapokatika. Kikitoka kwenye oili kimekuwa kigumu mno, ukikiangusha sakafuni kinaweza kuvunjika kama sahani. Kwa hiyo anakisugua king'ae, anakirudisha karibu na moto polepole, anaangalia rangi inavyotembea juu yake. Ikifika rangi ya nyasi kavu kwenye makali, anakiondoa. Ikipita ikawa buluu, makali yamelainika, hayashiki tena. Hapo nikakumbuka mpwa wangu aliyelichukua lile panga la elfu nane akalinoa kwa grenda mpaka ukingo ukawa buluu, sote tukasifu linavyong'aa. Fundi alitikisa kichwa kama daktari aliyechelewa kuletewa mgonjwa.

Malalamiko yangu kwa huduma yake ni matatu. Aliniambia siku nne, zikawa siku kumi na tisa. Najua, mimi fundi cherehani sina mdomo wa kusema hilo, lakini nalisema. La pili, alilinoa upande mmoja tu wa bapa, kama patasi ya seremala. Kwa mtu wa mkono wa kulia ni sawa, lakini ukibadilisha mkono linakwenda pembeni, na hakuniuliza. La tatu, alilitoa bila kulipaka mafuta, na kwa chumvi ya hewa yetu ya Dar nilikuta madoa ya kutu siku ya tatu. Mafuta ya cherehani yamelitibu, tone mbili kila Jumapili. Gharama: kufua elfu ishirini na tano kwa chuma changu, mpini wa mninga elfu tano zaidi, na ala akanitengenezea ya bomba la plastiki la maji alilolipasha moto na kulikandamiza, elfu tatu. Ala hiyo ni mbaya kwa sura, kama mguu wa meza, lakini panga linatoka bila kelele na halikati kitu likiwa ndani.

Kulirudisha nyumbani kulikuwa na vituko vyake. Nililifunga kwa gazeti nikaliingiza kwenye mfuko wa vitambaa, konda akaukalia mfuko, akaruka, akauliza kuna nini humo. Nikamwambia mkasi. Akasema mama, huo mkasi wa kukata nani.

Uzito gramu 410. Uzi wa pamba: mara mbili kati ya kumi. Mara ya kwanza kabisa niliposimama nywele mbili kabla ya uzi nilijikuta nacheka peke yangu koridoni. Nikikunja kiwiko kidogo halikwaruzi ukuta. Linainuka bila bega kuuma. Ukiligonga linalia, sauti nzito kuliko ya mamba, lakini inakaa. Mama mkwe alilisikiliza, safari hii akatoa neno moja, "Haya."

Mahali pa kuliweka palitusumbua kuliko panga. Chini ya kitanda ni pa watoto wa miaka minne, wao ndio wenye ufalme wa chini ya kitanda. Chini ya godoro linachukua muda, na kelele. Nimegonga kulabu mbili juu ya fremu ya mlango wa chumba changu, upande wa ndani, juu kabisa, ambapo mimi nafika nikinyoosha mkono wa kushoto na mtoto hafiki hata akipanda ndoo. Hapo pia mtu anayeingia haoni.

Mwezi wa kumi na moja, vuli, walirudi. Au alirudi, maana alikuwa mmoja. Saa tisa za usiku, mvua nyepesi, nikasikia wavu, ile sauti ya kitambaa kikichanika ambayo mimi siwezi kuikosea hata nikiwa nimelala. Nikanyoosha mkono juu, nikaondoka bila viatu. Sebuleni kulikuwa na mwanga wa taa ya jirani. Fimbo ilikuwa imeshaingia, mwanzi mrefu, waya kwenye ncha, inapapasa juu ya meza yangu ya kushonea kama kipofu. Nikapiga fimbo. Ilikatika kama mua, kipande kikaanguka ndani. Mkono ukafuata, uliingia mpaka kwenye kiwiko kukidaka kile kipande, sijui kwa nini, pengine ni mshtuko tu, na mimi tayari nilikuwa nimeshainua mara ya pili na panga linashuka.

Nikaona mkono wa sweta. Sweta la shule, la buluu, ukingo wake umefumuka nyuzi, mfupa wa kifundo umetokeza kama wa mtoto wangu akitoka kuumwa. Panga likasimama. Halikuugusa. Lilisimama hewani, upana wa kiganja hivi juu ya ule mkono, na ukachomoka, nikasikia miguu kwenye matope.

Sikupiga kelele za mwizi. Nilikuwa na filimbi shingoni, niliinunua elfu moja kwa shughuli hiyo hiyo, na sikuipuliza. Mtu wa Dar anajua kwa nini. Ukipiga "mwizi" saa tisa za usiku unawaita wananchi wenye hasira kali, na hao hawana uzi wa pamba wa kusimamia. Asubuhi nilikwenda kwa mjumbe, tukaandikisha, yeye akawaambia ulinzi shirikishi wapite upande wetu. Namba ya polisi, 112, nimeibandika nyuma ya mlango kwa maandishi makubwa kwa ajili ya mama mkwe. Kipande cha mwanzi ninacho, sentimita 71, nakitumia kunyoosha mapazia.

Kuna wakili mmoja ninayemshonea suruali. Alipokuja kuchukua nikamwuliza, ingekuwaje panga lisingesimama? Akaniambia nikae. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakupa haki ya kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali. Sheria hiyohiyo inasema nguvu unayotumia iwe ya kadiri, ile inayohitajika tu, na ukizidisha unawajibika kwa kilichotokea. Na mtu akifa kwa sababu ulizidisha, ni kuua bila kukusudia, haijalishi ilikuwa nyumba yako na ilikuwa usiku. "Mkono wenye fimbo dirishani, nje ya nondo, na wewe uko ndani umefungiwa mlango," alisema, "ningepata kazi ngumu kukutetea." Hakunidai hela ya ushauri, na mimi sikumdai ya zipu.

Kwa hiyo kama unatafuta panga la kuweka ndani, na ndani kwako ni nyumba ya kawaida yenye korido na watoto, hili la springi nalipa nafasi ya kwanza na kisu cha samaki ya mwisho. La mamba bado ni bora kuliko yote kwa shamba, na kama una uwanja mpana na bega zima huenda likakufaa, ila jaribu uzi kwanza. Sime waachie wanaoivaa. Na kabla ya hata moja kati ya hayo, hela ya kwanza ipeleke dirishani. Nilipofunga wavu wa chuma wa matundu madogo ndani ya nondo, elfu sitini na ufundi, nilijiona mjinga kwamba nilianza na panga. Fimbo haipiti, kidole hakipiti. Panga liko palepale juu ya mlango, Jumapili linapata mafuta yake, siku za wiki linakata madafu, na ndizi za mama mkwe zimeshaota upya.

Dada yangu wa Kibaha ameliona, analitaka. Yeye ni wa mkono wa kushoto. Nimeshamkatia patani, nimeigeuza, na safari hii nimeandika juu yake kwa wino mwekundu upande wa kunoa, ili fundi asiseme hakuambiwa. Amesema siku nne.